Simenti ilitukosesha: ukuta wa zamani unataka chokaa



Wengi wenu mnakijua chumba chetu cha mikutano hapa Bukavu, katika ile nyumba ya mawe ya wakati wa Wabelgiji. Miaka miwili iliyopita tulitoa pesa ya likelemba, tukanunua simenti, fundi akapaka kuta zote, ndani na nje. Zilipendeza kweli. Lakini kabla ya mwaka kuisha rangi ilivimba, simenti ikaanza kuanguka vipande vipande, na watoto tunaowalaza pale wakati wa mkutano wakawa wanakohoa. Tulimlaumu fundi. Kumbe ni sisi wenyewe tuliomwambia anunue simenti!

Nyumba kama ile mawe yake yameshikanishwa kwa chokaa, na chini hakuna kitu cha kuzuia maji ya udongo yasipande. Yanapanda kila masika, na chokaa inayaacha yatoke polepole kwenye hewa. Simenti inafunga njia hiyo. Maji yanabaki ndani ya ukuta, yanatokea upande wa chumbani na chumvi yake, nayo chumvi ndiyo inayosukuma rangi. Tena simenti ni ngumu: nyumba ikisogea kidogo inapasuka, mvua inaingia kwenye ufa na haitoki tena. Sisi wa hapa tunaijua mitetemeko, ile ya Februari 2008 hatujaisahau. Sisemi chokaa inazuia nyumba kuanguka. Nasema inavumilia kusogea kudogo.

Hata Mji Mkongwe wa Zanzibar, uliojengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, una ugonjwa huuhuu pale watu walipopaka simenti.

Safari hii tulianza na maji. Tulirekebisha mifereji ya paa, tukaondoa udongo uliorundikana ukutani. Kisha simenti ilibanduliwa kwa patasi, taratibu. Palipong'ang'ania jiwe tuliiacha kwanza. Ukuta uliachwa ukauke wiki nyingi, na hapo ndipo wengi wetu tulipokosa subira.

Kipimo ni ndoo 1 ya chokaa iliyokwisha zimwa kwa ndoo 3 za mchanga safi wenye chembe za kukwaruza. Ukuta unanyunyiziwa maji kwanza, halafu unapakwa tabaka jembamba, kama sentimita 1, na la pili baadaye. Jua kali ni adui: tulitundika magunia yaliyolowa, tukayanyunyizia kwa siku kadhaa. Mwisho ni maji ya chokaa, si rangi ya mafuta, maana hiyo nayo inafunga.

Mama, angalieni sana chokaa mbichi. Ikitiwa maji inachemka yenyewe na inaweza kupofusha jicho. Mimina chokaa ndani ya maji, kidogo kidogo, usimimine maji juu ya chokaa. Vaeni glavu na miwani, na watoto wasiwe karibu.

Kuta mbili zimekwisha na harufu ya uvundo imepungua. Jumamosi tunaanza ya tatu. Mwenye magunia na bidoni za zamani alete.