Mistari mitatu ya presha ya mama

Kwa miezi minne familia yetu imekuwa ikiandika presha ya mama kwenye daftari. Dada yangu anayekaa naye humpima kila asubuhi, hunitumia namba kwa WhatsApp, nami huziingiza kwenye Excel. Mwisho wa mwezi wa kwanza nilichora grafu ya mistari mitatu: presha ya juu, presha ya chini na mapigo ya moyo. Kwenye kompyuta ilipendeza, kila mstari na rangi yake.

Siku ya kliniki ilipokaribia, nilimtumia dada aichape. Steshenari ya mtaani kwao ina printa ya wino mweusi tu. Mistari yote ikatoka ya kijivu, na chini yake yameandikwa “Series1”, “Series2” na “Series3”.

Mstari wa presha ya juu haukumchanganya mtu, maana ulikuwa peke yake kule kwenye 150. Shida ilikuwa ile miwili ya chini. Presha ya chini ilicheza kati ya 90 na 96, na mapigo yakaanza kwenye 95 yakashuka hadi 74. Ilipopishana, hakuna aliyejua upi ni upi. Mama aliona mstari unaoteremka akafurahi.

“Si mnaona wenyewe, ya chini imeshuka,” alisema. Kwa siku tano hakumeza dawa.

Aliyegundua ni muuguzi. Aliiweka grafu pembeni, akafungua daftari. Yaliyoshuka ni mapigo. Presha ya chini ilikuwa palepale. Kwa mtu mzima, vipimo vinavyofika 140 kwa 90 mara kwa mara ndivyo Shirika la Afya Duniani (WHO) linavyovihesabu kuwa shinikizo la juu la damu. Mama hakudhurika, lakini dada alininunia siku mbili, na alikuwa na haki.

Rangi peke yake haitoshi

Rangi hupotea kwenye wino mweusi na kwenye fotokopi. Tena wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Umbo halipotei. Ukiwa unachora grafu ya presha, ya uzito wa mtoto au ya matumizi ya nyumbani, fanya mambo haya.

Kwanza, ipe mistari majina. “Series1” hutokea pale safu inapokosa kichwa. Andika “Presha ya chini” kwenye seli ya juu ya safu, kisha chagua namba pamoja na kichwa hicho ndipo uchore. Kama grafu ipo tayari, ibofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua “Select Data”, gusa jina la mstari, kisha “Edit”, uandike jina lake.

Pili, weka alama. Bofya mstari kwa kitufe cha kulia, chagua “Format Data Series”, gusa picha ya kopo la rangi, halafu “Marker” na “Marker Options”. Ukichagua “Built-in” utapewa maumbo na ukubwa. Mimi nimeipa presha ya juu mraba na ya chini pembetatu. Ukubwa wa 7 au 8 unatosha. Ukizidisha, alama za siku thelathini zitapandana.

Tatu, panga ufunguo, yaani kile kisanduku kinachoeleza mstari upi ni wa nini. Bofya grafu, gusa alama ya kujumlisha inayotokea pembeni, kisha “Legend”, uchague mahali. Ukiwa juu huonekana mapema. Kama mistari ni michache, bora zaidi uandike jina mwishoni mwa kila mstari, ili msomaji asihangaike kupandisha na kushusha macho.

Jambo la nne nililijua kwa kuchelewa: mapigo hayakupaswa kuwa kwenye grafu ile. Presha hupimwa kwa milimita za zebaki, mapigo huhesabiwa kwa dakika. Sasa yana grafu yake.

Ijaribu kabla ya kuituma

Chapa nakala moja ya wino mweusi, umpe mtu ambaye hakuichora. Muulize swali moja tu: “Presha ya chini ni ipi?” Akisita, rudi kwenye kompyuta.

Mwezi uliopita tulimpa mama karatasi mpya. Alivaa miwani, akapitisha kidole juu ya zile pembetatu hadi mwisho.

“Hii haijashuka,” alisema. “Haya, nileteeni maji nimeze dawa.”