XP: Maradhi ya kurithi yanayoligeuza jua kuwa adui

WATU wengi huamini kwamba saratani ya ngozi ni maradhi ya Wazungu na ya watu wenye ulemavu wa ngozi (albino), na kwamba rangi nyeusi inatosha kumkinga Mwafrika na ukali wa jua. Hata hivyo, katika kisiwa cha Mayotte, kilichopo Bahari ya Hindi pamoja na visiwa vya Komoro, wapo watoto weusi wanaopata saratani hiyo wakiwa bado wadogo.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulibaini kuwa maradhi yanayowasumbua watoto hao humpata takriban mtu mmoja kati ya 5,000 kisiwani humo, kiwango kikubwa kuliko kingine chochote kilichokuwa kimeripotiwa duniani. Katika Ulaya Magharibi, ni watoto wapatao wawili tu kwa kila milioni moja wanaozaliwa nayo.

Kitaalamu maradhi hayo huitwa zeroderma pigmentosamu, au kwa kifupi XP. Daktari Moritz Kaposi wa mjini Vienna, Austria, aliyaeleza katika karne ya 19, lakini chanzo chake hakikujulikana hadi mwaka 1968. Mwaka huo James Cleaver, wa Chuo Kikuu cha California mjini San Francisco, Marekani, aligundua kuwa seli za wagonjwa hushindwa kukarabati vinasaba vilivyoharibiwa na miale ya jua isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno.

Vinasaba ni mithili ya maandishi marefu yanayoiongoza seli katika kazi zake. Miale hiyo inapopenya ngozi, huzigandisha pamoja herufi mbili zilizo jirani, na maandishi yakawa hayasomeki sawasawa. Jambo hilo humtokea kila mtu anayetembea juani.

Katika mwili wenye afya, protini maalumu huitambua sehemu yenye kasoro, vimeng'enya vikaukata na kuuondoa utepe wa herufi zipatazo 30, na vingine vikaandika upya kwa kunakili upande wa pili ulio mzima. Aziz Sancar, aliyefafanua hatua hizo, alikuwa miongoni mwa wanasayansi watatu waliopata Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2015.

Kwa mgonjwa wa XP, mmoja wa mafundi hao ana hitilafu. Makosa hulimbikizana, na hatimaye seli huanza kukua bila mpangilio. Hapo ndipo saratani huanza. Utafiti wa muda mrefu nchini Marekani ulionyesha kuwa wagonjwa walio chini ya umri wa miaka 20 wanakabiliwa na hatari ya saratani za kawaida za ngozi mara 10,000 kuliko wenzao. Aidha, takriban robo ya wagonjwa hao hupata pia matatizo ya mishipa ya fahamu.

XP ni tofauti na ualbino. Albino hukosa rangi inayoizuia miale kama mwavuli. Mgonjwa wa XP anaweza kuwa na mwavuli huo, lakini hana fundi wa kuziba palipovuja.

Maradhi haya hayaambukizi, wala si laana. Mtoto huyapata anaporithi jeni yenye kasoro kutoka kwa baba na mama, ambao wenyewe huwa wazima. Kila wanapopata mimba, uwezekano wa mtoto kuugua ni mmoja kati ya nne. Kasoro iliyobainika Mayotte ilikutwa pia kwa wagonjwa weusi nchini Afrika Kusini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2019.

Dalili za awali ni madoadoa mengi usoni na mikononi, mara nyingi kabla ya umri wa miaka miwili, na macho kushindwa kuvumilia mwanga. Si kila mgonjwa huungua ngozi haraka, hivyo mzazi asisubiri malengelenge ndipo ampeleke mtoto hospitali.

Tiba ya kuyaondoa maradhi haya haijapatikana, lakini mgonjwa akigundulika mapema anaweza kuepushwa na madhara mengi. Wataalamu hushauri nguo za mikono mirefu, kofia pana, miwani, mafuta ya kukinga jua, vitamini D na uchunguzi wa ngozi na macho wa mara kwa mara. Hata ndani ya nyumba au gari tahadhari inahitajika, kwani kioo cha kawaida huruhusu sehemu ya miale hiyo kupita.