ADUI WA KATUNI NA ADUI WA MKULIMA

Siku hizi, mjini Ifakara kama katika miji mingine ya nchi yetu, vijana wakikutana jioni baada ya kazi huzungumza juu ya michezo ya simu na ya televisheni. Kisha huingia katika filamu za katuni, na hapo ubishi hupamba moto: adui mpya atakuwa nani, na atashindwaje? Wako wanaoyaita mazungumzo hayo upuuzi. Sisi hatukubaliani nao. Wazazi wetu walikesha wakisikiliza habari za Zimwi na Fisi, wakauliza maswali hayo hayo.

Bali twauliza: ni nani anayewachorea vijana wetu adui huyo? Katika filamu ya The Lion King, iliyotolewa Marekani mwaka 1994, Simba, Rafiki na Pumbaa walipewa majina ya lugha yetu. Lakini hata fisi, kibaraka wa simba mwovu, aliitwa Shenzi, neno lile lile walilotutukania wakoloni. Desemba 2024 ikatolewa filamu ya Mufasa, na adui mpya akawa Kiros, simba mweupe. Lugha yetu imeazimwa, lakini taabu zetu hazimo.

Wala si kweli kwamba hatuna wachoraji. Miaka ya 1960 Christian Gregory alimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na wananchi wakacheka huku wakijifunza. Baadaye jarida la Sani likatupa Ndumilakuwili, ambaye jina lake pekee latosha kumwonya mtu. Na tangu mwaka 2014 katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa Dar es Salaam, zimewafundisha watoto hesabu.

Basi na tuwape wachoraji hao adui wa kweli. Bonde la Kilombero linamjua. Mkulima wa mpunga hulima, hupalilia, hufukuza ndege tangu alfajiri, huvuna. Ndipo huja mlanguzi na lumbesa: gunia lililojazwa kupita mdomo wake, likashonewa kipande juu. Sheria ya vipimo yataka gunia lisizidi kilo 100. Lumbesa hupita hapo, na bei hubaki ya gunia moja. Ikiwa ziada ni kilo 20 tu, mkulima aliyeuza magunia matano ametoa gunia zima bure. Huo ni unyonyaji, na anayeufanya ni kupe.

Na achorwe kupe huyo, Bwana Lumbesa, mwenye maneno ya asali na sindano ya kushonea magunia mkononi. Na vijana wanaojua kutengeneza michezo ya simu watunge mmoja ambao mchezaji hashindi kwa bunduki, bali kwa kukataa kuuza bila mizani. Mtoto aliyemshinda Bwana Lumbesa mara mia katika simu hatadanganywa kwa urahisi atakapokuwa na shamba lake.

Lakini tusingoje katuni. Wanachama katika matawi na viongozi wa vyama vya ushirika hawana budi kuhakikisha kwamba kila penye soko la mpunga pana mizani, na kwamba mwenye lumbesa anafikishwa mbele ya sheria. Nanyi vijana wa Ifakara, mavuno yakifika, simameni karibu na mizani ya wazazi wenu mkaisome kwa macho yenu.