Lavuma au Latikisika? Kuuchunguza Mtetemo wa Propela ya Gari

Miongoni mwa mambo ambayo mwanafunzi wa Kiswahili aghalabu huwaachia wahandisi ni maradhi ya gari. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba ugonjwa mmoja wa gari, yaani mtetemo wa mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma, hutambuliwa kwa kauli kabla ya kutambuliwa kwa spana. Mwenye gari akifika gereji na kusema tu kwamba "gari linasumbua", fundi hana budi kubahatisha, na gharama ya kubahatisha humwangukia mwenye gari.

Haya nimeyashuhudia. Pikapu ya mjomba, ambayo mapato yake ndiyo yaliyonilipia karo, ilianza kutetema kila ilipofika kilomita 80 kwa saa, siku chache baada ya kubadilishwa beringi ya katikati. Fundi wa kwanza alisawazisha magurudumu. Wa pili akamshauri mjomba anunue tairi mbili mpya. Mtetemo haukukoma, nami muhula huo niliingia katika chumba cha mtihani nikiwa na deni.

Katika gari la aina hii, injini huwa mbele na difu huwa nyuma. Kiunganishi chake ni bomba refu la chuma liitwalo propela. Kwa kuwa difu hupanda na kushuka pamoja na springi, bomba hilo haliwezi kufungwa kikiki. Hushikwa kwa viungo vyenye msalaba wa chuma, ambavyo mafundi huviita krosi. (Wazungu wamekihusisha kiungo hiki na Girolamo Cardano, msomi wa Italia aliyeishi kati ya 1501 na 1576.)

Krosi ina tabia ya ajabu. Inapokuwa imekunjwa, hata upande wa injini ukizunguka kwa mwendo ule ule, upande wa pili huharakisha na kupunguza mwendo mara mbili katika kila mzunguko. Krosi ya nyuma ndiyo hufuta kasoro hiyo, mradi panda zake zimepangwa kulingana na za mwenzake na pembe zao ziwiane. Ni mithili ya watwangaji wawili kwenye kinu kimoja: mmoja akipoteza mpigo, michi hugongana.

Hapo ndipo vitenzi vyetu vinapofaa. Gurudumu lenye mzingo wa mita 2 hivi, gari likienda kilomita 80 kwa saa, huzunguka takriban mara 11 kwa sekunde. Propela, kwa sababu ya meno ya difu, huzunguka kama mara 4 zaidi, yaani mara 44. Kwa hivyo gurudumu lenye ila hutikisa; likiwa la mbele, usukani nao hucheza mikononi. Propela yenye ila huvuma, na mvumo huo husikika sakafuni na kitini. Gari likigonga "ko!" unapoachilia klachi, shuku krosi iliyolika. Likitetema linapong'oka tu, kisha likatulia, shuku beringi ya katikati iliyochoka au pembe zilizoharibika, hasa kwa gari lililoongezwa springi ili libebe shehena kupita kiasi. Tamaa hiyo ya shehena huharibu pembe.

Kauli ikishapatikana, ithibitishwe. Kwenye barabara tulivu, fikisha kasi inayoleta mtetemo, kisha badilisha gia bila kubadilisha mwendo wa gari. Mtetemo usipobadilika, injini haina hatia. Simamisha gari, uizungushe injini kwa kasi ile ile. Ikitulia, shaka yote inabaki kwa propela na magurudumu.

Ndipo uingie uvunguni, injini ikiwa imezimwa, magurudumu yamezuiwa kwa magogo, na gari limekaa juu ya stendi imara. Jeki peke yake imewaua watu. Ishike propela karibu na kila krosi, uisukume huku na huku. Krosi nzima haichezi. Chunguza iwapo bomba limebonyea, limegandwa na tope, au limebanduka kibati cha kusawazishia. Krosi iliyolika hubadilishwa bila kuahirisha, kwani ya mbele ikikatika, propela huanguka na kujikita barabarani gari likiwa mbioni. Bomba lililopinda lipelekwe penye mashine ya kusawazishia, si kwenye nyundo. Zaidi ya yote, kabla ya kufungua chochote, tia alama kwenye kila maungio ili kila jino lirudi mahali pake.

Fundi wa tatu wa mjomba alikuwa mzee mmoja wa jua kali. Hakugusa spana kwanza.

"Ndugu yangu, lavuma au latikisika?"

"Lavuma, fundi. Tangu beringi ya katikati ibadilishwe."

Mzee alijilaza chini ya pikapu, akacheka. Aliyeweka beringi alikuwa ameirudisha panda katika meno yasiyo yake, na zile krosi zilikuwa zikipingana badala ya kusaidiana. Aliifungua, akailinganisha, akaifunga. Hakuuza kipuri chochote. Alitoza ujira wa asubuhi moja, na kabla ya kutoka uvunguni akapaka alama mbili za rangi nyeupe penye maungio, kwa ajili ya fundi atakayefuata.