Tusiuonee haya mlo wa Njaanuari

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa Januari, miaka mitatu iliyopita, nilikwenda Kawangware kumjulia hali shangazi yangu. Nilimkuta ameketi mlangoni juu ya kigoda, akichambua managu. Aliponiona, kabla hata ya kuitikia salamu yangu, alikisukuma kikapu nyuma ya pazia, akamwita mjukuu wake na kumtuma dukani akalete soda na nusu kilo ya nyama. "Utanisamehe, mwanangu," akaniambia, "umetukuta Njaanuari. Nyumba haina chakula."

Nyumba ilikuwa na chakula. Palikuwa na managu hayo, palikuwa na sufuria ya githeri ikitokota juu ya jiko la makaa, na palikuwa na ndizi mbivu alizorudi nazo kutoka mashambani alikokwenda kula Krismasi. Kilichokosekana ni kile ambacho sisi Wakenya tumekubaliana kukiita chakula cha mgeni. Wala mimi, niliyejaliwa kisomo, sikuwa na la kujivunia. Nilikuwa nimembebea mkate mweupe na kilo mbili za sukari, kama ada yetu ilivyo tunapomtembelea mkubwa. Nilimpelekea sukari mama ambaye nilijua fika kwamba ameugua kisukari kwa mwaka wa sita.

Mwezi haukwisha kabla hajalazwa hospitalini kwa kidonda cha mguu kilichokataa kupona. Sisemi kwamba ni sukari yangu iliyomfikisha huko, kwani ugonjwa huu hauji kwa kijiko kimoja. Hata hivyo, daktari alipoketi kando ya kitanda na kuuliza mgonjwa alikula nini tangu sikukuu, jamaa wote tulitazama sakafu.

Tangu siku hiyo nimelitafakari sana neno hili, Njaanuari. Kazi yangu ni kufundisha isimu, na mwanaisimu hapiti neno kama mpita njia apitavyo jiwe. Neno hili halikubuniwa na baraza wala kamati yoyote. Limezaliwa vinywani mwa watu, kwa kuunganisha njaa na Januari, na limefaulu kwa sababu sauti za maneno hayo mawili zinakaribiana mno hivi kwamba moja linaingia ndani ya jingine bila kubisha hodi. Ni neno lenye ucheshi, na ucheshi wa maskini aghalabu ni ngao yake. Lakini neno lilo hilo limetufanyia hila. Limevitia katika kapu moja vitu viwili visivyofanana hata kidogo: kukosa chakula kabisa, na kuwa na managu na githeri. La kwanza ni janga. La pili ni mlo ambao madaktari wangependa tuule mwaka mzima.

Hali ni iyo hiyo kwa sukuma wiki. Kwa kuipa mboga hii jina la kitu cha kuisukumia wiki hadi siku ya mshahara, tuliitangazia dunia kwamba haina heshima yake yenyewe, bali ni daraja tu la kumvusha mtu hadi penye nyama. Mtoto anayelisikia jina hilo kila jioni hujifunza, bila kufundishwa na yeyote, kwamba mboga ni adhabu ya kutokuwa na fedha. Si ajabu basi kwamba akipata kazi, kitu cha kwanza anachokifukuza sahanini ni mboga.

Hebu tuitazame Desemba yenyewe. Wakazi wengi wa Kibera na Kawangware wana mguu mmoja Nairobi na mwingine mashambani. Shule zikifungwa, mabasi hujaa, nauli hupanda, na familia husafiri kwenda Nyanza, Magharibi, Ukambani na kwingineko. Wanaobaki mjini, kuanzia Laini Saba hadi Gatwekera, nao hawakubali kupitwa. Harufu ya chapati hutanda vichochoroni. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambapo chapati ilikuwa ni chakula cha Krismasi tu, na mtoto aliweza kuhesabu alizokula mwaka mzima kwa vidole vya mkono mmoja. Sherehe ya siku moja haikumdhuru mtu. Siku hizi sherehe huanza katikati ya Desemba na kuishia fedha zinapoishia, ilhali chapati, chipsi, mandazi na soda zimekuwa chakula cha kila siku hata baada ya matarumbeta kunyamaza. Kwa hivyo anayesema anarudi kwenye mlo wake wa kawaida, mara nyingi anarudi kwenye mafuta na sukari zile zile, ila kwa kipimo kidogo.

Takwimu zinatuumbua. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza ulionyesha kwamba watu wazima 94 kati ya kila 100 nchini Kenya hawakuwa wakifikisha kiwango cha matunda na mboga kinachopendekezwa kwa siku. Takriban watu 24 kati ya kila 100 walikuwa na shinikizo la damu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na chumvi isiyozidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha siku. Kuhusu sukari ya kuongezwa, kwa mtu mzima wa kawaida isizidi gramu 50. Anayekunywa chupa moja ya soda na vikombe vitatu vya chai yenye vijiko vitatu vitatu amekwisha kuvuka mpaka huo kabla hajagusa mkate.

Sasa wapo waandishi ambao, kila Januari ifikapo, hutushauri namna ya kuusafisha mwili baada ya sikukuu. Hututajia samaki wa ng'ambo, mbegu ambazo hazijawahi kufika soko la Toi, na vyumba vya mazoezi vyenye ada ya mwezi inayopita kodi ya nyumba ya Kisumu Ndogo. Ushauri huo unaandikiwa Lavington. Kawangware inapakana na Lavington, lakini hewa ya ushauri haivuki ukuta. Si haki pia kumwambia mama wa Kibera kwamba tatizo lake ni uvivu au uroho. Maharagwe makavu huhitaji saa kadhaa motoni, na makaa hununuliwa. Maji hununuliwa kwa mtungi wa lita 20. Mafuta hununuliwa ya kupima, kidogo kidogo, na kununua kidogo kidogo ni kununua kwa bei ya juu. Chipsi za kando ya barabara huwa tayari, ni moto, na hazihitaji jiko wala maji. Mtu aliyetoka kazini usiku, miguu ikimuuma, hachagui chipsi kwa kuwa ni mjinga. Anapiga hesabu.

Isitoshe, mboga yenyewe ina mashaka yake. Baadhi ya sukuma wiki inayouzwa jijini hukuzwa kandokando ya mito iliyochafuliwa kwa maji taka na uchafu wa viwanda, na mnunuzi hana namna ya kuitofautisha kwa macho. Hili ni jukumu la serikali ya kaunti. Mama mboga na mteja wake hawawezi kulibeba peke yao.

Hata hivyo, watu wa mitaa hii hawajakaa tu mikono mifukoni. Baada ya ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, njaa ilipobisha milango ya Kibera, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia wakazi kupanda mboga katika magunia yaliyojazwa udongo na kokoto, huku miche ikitokeza juu na ubavuni. Gunia moja mlangoni huotesha sukuma wiki, mchicha na kunde mahali ambapo hapana hata shubiri ya shamba. Wako pia akina mama wanaochemsha githeri na maharagwe kwa masufuria makubwa na kuyauza kwa kipimo, hivyo makaa ya mmoja yakawafaa wengi. Mahindi peke yake hayana protini iliyokamilika, na maharagwe pia yana upungufu wake, lakini vikiunganishwa kila kimoja huliziba pengo la mwenzake. Wakikuyu wakaita githeri, Waluo nyoyo, Wakamba isyo. Hakuna kati yao aliyesoma kemia, na wote walifika kwenye jibu moja.

Majina ya mboga nayo yanatupa ushahidi. Mnavu ndio managu ya Wakikuyu, osuga ya Waluo na rinagu ya Wakisii. Mgagani ndio chinsaga, ndio tsisaga, ndio dek. Kitu hakipewi majina mengi hivi kama hakijathaminiwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia amezitafiti mboga hizi kwa miaka mingi, na mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimtunukia tuzo ya kisayansi. Mboga ambazo katika utoto wetu ziliitwa magugu zina madini ya chuma, kalsiamu na vitamini kwa wingi. Omena anayeliwa na mifupa yake, ambaye wengine humcheka kwa udogo, ni hazina ya kalsiamu na protini.

Dini zetu pia zilijua kwamba shibe inahitaji breki. Methali yasema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Muumini wa Makina akishamaliza Idi, amesuniwa kufunga siku sita za Shawwal. Mkristo akishasherehekea, Kwaresima haiko mbali. Hekima ya mapokeo haya haikuwa kuichukia karamu. Iliiwekea karamu ukingo, ili ibaki karamu.

Nathubutu basi kupendekeza mambo machache yasiyohitaji mfuko mnene. Nusu ya sahani iwe mboga, na ugali uondolewe kutoka kiti cha enzi uketi pembeni. Sukari ya chai ipunguzwe kwa kijiko kimoja kila wiki, kwani ulimi huzoea. Maembe, ambayo msimu wake huwa umeshika Januari, yachukue nafasi ya soda. Mafuta yaliyokwisha kukaangia mara nyingi yamwagwe. Na wale wenye dawa za kisukari au presha wasiziache sikukuuni kwa kisingizio cha safari.

Serikali nayo itimize wake wajibu: ipime maji ya mashamba ya mijini, ifikishe maji ya bei nafuu, na ipanue chakula cha shuleni. Mpango wa Dishi na Kaunti ulioanzishwa Nairobi mwaka 2023, ambapo mwanafunzi alichangia shilingi 5 kwa mlo wa mchana, uliwaketisha watoto mbele ya sahani za wali na maharagwe au ndengu bila yeyote kumwonea mwenzake haya. Somo hilo lina thamani sawa na lile la darasani.

Lakini la kwanza kabisa liko katika uwezo wetu sisi wageni. Tukiwa tunaingia nyumba za watu na sukari, tusishangae kufichwa managu. Januari iliyopita nilirudi Kawangware. Shangazi sasa hutembea kwa mkongojo, ila mguu wake uliokolewa. Nilimpelekea mafungu manne ya managu, kilo mbili za ndengu na maembe. Aliyatazama, akanitazama, kisha akacheka hadi akashika ubavu.

"Mwanangu," akasema, "kwani chuo kikuu hakijalipa mishahara?"

Nikamjibu kwamba kimelipa. Akamwita mjukuu wake, na nilidhani anamtuma soda. Alimwambia alete sufuria.