Mgeni Huondoka, Kisima Hubaki

Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tena walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Leo twapenda kuzipima methali hizi mbili katika jambo ambalo wasomaji wetu wengi walio vijijini wamekwisha kuliona kwa macho yao. Nalo ni hili la wanafunzi wa vyuo vikuu vya ng'ambo, ambao wakati wa likizo zao huja katika nchi zisizo na uwezo mkubwa, wakajitolea kuchimba visima, kulaza mabomba na kujenga matangi, ili wananchi wa mashamba wapate maji safi.

Kwanza twapenda kusema wazi kwamba hatuna kinyongo na vijana hawa. Kijana anayeacha starehe za kwao akaja kushika sepeto katika jua kali, amefanya jambo la utu. Na shida anayotaka kuiondoa ni shida ya kweli. Debe moja la maji lina uzito wa kilo 20. Nyumba ya watu watano, ikiwa kila mmoja atatumia lita 20 tu kwa siku, yahitaji madebe matano. Mzigo huo haubebwi na hewa. Hubebwa na vichwa vya akina mama na watoto wa kike, alfajiri na jioni, nao watoto hao ndio wanaochelewa shuleni au wasiofika kabisa. Hesabu ya Umoja wa Mataifa kwa mwaka 2022 ilionyesha kwamba watu bilioni 2.2 duniani hawakuwa na huduma ya maji ya kunywa yenye usalama wa kuaminika. Basi anayekuja kusaidia katika jambo hili hastahili kupokewa kwa ubishi.

Lakini mapenzi mema ni kitu kimoja, na maji bombani ni kitu kingine. Tutoe mifano.

Mwaka 2000 Profesa Bernard Amadei, wa Chuo Kikuu cha Colorado katika mji wa Boulder, Marekani, alialikwa kwenda kijiji cha San Pablo, katika nchi ndogo ya Belize, Amerika ya Kati. Huko alikuta watoto wa kike hawaendi shule kwa sababu kazi yao ilikuwa kuchota maji. Mwezi Mei mwaka 2001 alirudi pamoja na wanafunzi wanane wa uhandisi, wakafanya kazi pamoja na wanakijiji, wakaweka mtambo wa maji uliotumia nguvu za maporomoko yaliyokuwa karibu. Gharama yote, pamoja na nauli za ndege, ilikuwa kiasi cha dola 14,000. Kutokana na safari hiyo, mwaka 2002 kilianzishwa huko Marekani chama cha Wahandisi Wasio na Mipaka, ambacho tangu wakati huo kimewatuma wanafunzi wa vyuo vingi katika nchi nyingi, na za Afrika zikiwemo.

Yatupasa tutazame vizuri kilichofanyika San Pablo. Profesa yule hakufika na mtambo begani. Alifika kwanza bila kitu, akatazama, akauliza, kisha akarudi na wanafunzi. Tena nguvu ya kusukuma maji ilikuwa pale pale kijijini. Haikuhitaji dizeli ya kununuliwa mjini. Hilo ni somo la kwanza.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi, nchini Malawi. Huko, mwishoni mwa miaka ya 1960, wananchi wenyewe walianza kuchimba mitaro ya mabomba kwa mikono yao, kwanza Chingale, kisha Chambe, ili maji ya milimani yateremke kwa uzito wake hadi vijijini. Ilikuwa kazi ya kujitolea yenye sifa kubwa. Lakini miaka mingi baadaye, mhandisi wa chama cha Wahandisi Wasio na Mipaka cha Kanada, David Damberger, alikuta jambo la kusikitisha katika nchi hiyo hiyo. Mwaka 2011 alilieleza hadharani: katika eneo moja la mabomba 113 ya mtiririko yaliyojengwa kwa msaada wa Marekani, 81 yalikuwa hayatoi maji, na mradi ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na nusu tu. Kando yake kulikuwa na mabomba mengine makavu, ya mradi uliojengwa kwa msaada wa Kanada miaka kumi kabla, nao ulikufa kwa namna ile ile. Mgeni wa pili alijenga juu ya kaburi la kazi ya mgeni wa kwanza, bila ya kuuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Twakisifu chama hicho cha Kanada kwa jambo moja. Kuanzia mwaka 2008 kilichapisha taarifa za makosa yake chenyewe, ili wengine wasiyarudie. Ni wangapi kati yetu, katika kamati zetu na ofisi zetu, wenye moyo wa kuandika makosa yao na kuyasoma mbele ya watu?

Basi bomba hufa kwa ugonjwa gani? Si kwa uchawi. Pampu ya mkono ina mipira ndani yake ambayo hulika kila siku inapotumiwa. Siku mpira unapokwisha, maji hayapandi. Mpira wenyewe ni kitu cha fedha kidogo. Lakini kama duka lenye mpira huo liko ng'ambo ya bahari, au kama hakuna kijijini mtu aliyefundishwa kuubadili, au kama hakuna fedha iliyowekwa akiba, basi pampu ya mamilioni hushindwa na kipande cha mpira. Akina mama huchukua madebe yao na kurudi mtoni. Mwanafunzi aliyepiga picha siku ya ufunguzi yuko kwao, naye labda hana habari mpaka leo.

Wala tusiwanyoshee vidole wageni peke yao. Sisi Watanzania tumeyapitia haya. Mwaka 1971 nchi yetu ilianza mpango wa miaka 20, kwamba ifikapo mwaka 1991 kila mwananchi wa kijijini apate maji safi karibu na nyumba yake, umbali usiozidi meta 400. Ulikuwa mpango wa heshima, na kazi kubwa ilifanyika. Nchi rafiki zilisaidia, kila moja na mikoa yake. Lakini kila rafiki alikuja na pampu yake. Mtwara na Lindi zikaja pampu za Kifini. Morogoro na Shinyanga zikaja za Kiholanzi. Fundi wa mkoa mmoja hakuweza kumwazima mwenziwe spea. Mwananchi naye aliambiwa kwamba maji ni ya bure na kwamba Serikali itatengeneza, basi akakaa kungoja Serikali. Mwaka 1991 ulifika na lengo halikufikiwa. Kwa sababu hiyo sera zilizofuata, ile ya 1991 na ile ya 2002, zilisema kwamba mtumiaji naye achangie gharama za kuendesha na kutunza maji yake. Na mwaka 2019 sheria mpya iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, yaani RUWASA, pamoja na vyombo vya watumiaji maji ngazi ya jamii.

Kuna mfano mwingine wa kututia moyo, nao uko kwa jirani zetu. Katika miaka ya 1980 huko Kwale, pwani ya Kenya, ilijaribiwa na kuboreshwa pampu iitwayo Afridev, ambayo mizizi yake ilitoka Malawi. Waliobuni walijiuliza swali ambalo wengi hawakuwa wamejiuliza: je, mama wa kijijini aweza kuitengeneza? Basi wakaiunda ili ifunguliwe kwa spana moja na vyombo vichache. Akina mama wa Kwale wakafundishwa, wakaunda kamati, wakakusanya fedha zao na kuzitunza. Pampu ilipoharibika hawakuandika barua ng'ambo. Walichukua spana. Hiyo ndiyo maana ya kumpa mgeni jembe: mgeni na mwenyeji walime pamoja, kisha jembe libaki mikononi mwa mwenyeji.

Liko tena jambo ambalo mara nyingi husahauliwa. Maji meupe si lazima yawe maji safi. Katika nchi ya Bangladesh visima vingi vya bomba vilichimbwa kuanzia miaka ya 1970 ili watu waache maji machafu ya madimbwi. Nia ilikuwa njema, na maradhi ya kuhara ndiyo yaliyokuwa yakipigwa vita. Lakini mwaka 1993 iligunduliwa kwamba visima hivyo vingi vilikuwa na sumu ya aseniki, isiyo na rangi wala ladha, na mamilioni ya watu walikuwa wakiinywa. Hapa kwetu, katika sehemu za Arusha na Kilimanjaro, maji mengi ya ardhini yana madini ya floraidi kupita kiasi, ambayo hutia meno rangi ya kahawia na, yakizidi sana, huharibu mifupa. Mwanafunzi anayekuja kuchimba bila kupima, hata awe na moyo wa dhahabu, aweza kuwachimbia watu madhara. Na mwanafunzi anayekuja na vyombo vya kupimia, akatuachia hesabu zake na akamfundisha kijana wetu kuvitumia, ametupa zawadi kubwa kuliko tangi lenye bendera ya kwao.

Sasa tuseme yatupasayo.

Kwa vijana wa ng'ambo twasema: karibuni, lakini njooni kama wanafunzi kweli. Chama kile cha Marekani tulichokitaja huwataka wanafunzi wake wafungamane na kijiji kimoja kwa muda usiopungua miaka mitano. Hilo ni agizo la busara. Likizo moja haitoshi hata kulijua kiangazi na masika ya mahali, sembuse kujua chemchemi ipi hukauka mwezi wa kumi.

Kwa viongozi wa vijiji na wanachama wetu twasema: msipokee zawadi kwa ngoma kabla ya kuuliza maswali matatu. Ikiharibika, nani ataitengeneza? Spea zake zauzwa wapi na kwa bei gani? Fedha za matengenezo atazishika nani, na hesabu zake zitasomwa lini mbele ya wananchi wote? Mgeni mwema hatachukia kuulizwa. Na kamati ya maji isiyo na akina mama ni kamati ya watu wanaojadili mzigo wasioubeba.

Na kwa vijana wetu wenyewe twasema neno zito zaidi. Si haki mwanafunzi atoke Colorado kuja kulaza bomba katika kijiji chetu, hali mwanafunzi wetu, mzaliwa wa kijiji hicho hicho, yuko likizo amejinyosha kivulini akitazama. Tunacho Chuo cha Maji pale Ubungo, Dar es Salaam, kilichoanza mwaka 1974. Tunavyo vyuo vikuu vinavyofundisha uhandisi. Kila mgeni anayekuja kwa kazi ya maji na aunganishwe na kijana wetu mmoja, wafanye kazi bega kwa bega tangu siku ya kupima hadi siku ya kufungua. Mgeni atajifunza lugha na mila. Kijana wetu atajifunza kazi. Na bomba litapata daktari asiyehitaji viza.

Wafanyakazi nao wana sehemu yao. Fundi wa karakana, fundi bomba, mweka hesabu: kila mmoja ana kijiji alikotoka. Siku chache za likizo zake, akikaa na kamati ya maji ya kwao, akawafundisha kufunga nati au kuandika daftari la mapato na matumizi, zaweza kukipa kisima uhai wa miaka mingi.

Hatusemi msaada ukataliwe. Kiu haina uraia, na maji hayaulizi yamechotwa na mkono wa nani. Tusemalo ni kwamba kisima hakihesabiwi siku kilipofunguliwa kwa hotuba na picha. Kihesabiwe mwaka wa tano na mwaka wa kumi, siku ya kawaida isiyo na mgeni yeyote, mtoto wa kike anapofungua bomba, debe likajaa, naye akafika shuleni kabla kengele haijalia.