Je, Wajua? Daktari wa Ndoto Mlimani Elgon, Mama wa Ryangombe na Majeraha ya Niboye

Je, wajua kwamba Carl Gustav Jung, yule daktari wa Uswisi aliyefundisha kuwa chini ya akili tunayoitumia mchana kuna nafsi fiche inayosema kwa ndoto na visasili, aliwahi kuuliza maswali yake kwa Kiswahili? Aliteremka Mombasa Novemba 1925, akapanda gari moshi hadi Nairobi, kisha akapiga kambi kwenye miteremko ya Mlima Elgon. Alikuwa na miaka 50. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kamusi ndogo mkononi, lakini kilimtosha kukaa kwenye kigoda na kuitisha shauri na wenyeji, nao wakamwita mzee.

Na je, wajua alijibiwa nini alipouliza kuhusu ndoto? Laiboni mmoja, yaani mganga na mtabiri, machozi yakimlengalenga, alimweleza kwamba zamani walaiboni waliota, na kwa ndoto zao walijua vita, maradhi na mvua. Babu yake bado aliota. Lakini tangu Wazungu waje, hakuna aotaye tena, kwa kuwa sasa Mwingereza ndiye anayejua kila kitu. Nimesoma vitabu vinene juu ya ukoloni, na sijaona palipoelezwa waziwazi kuliko hapa jinsi ulivyoingia hadi usingizini mwa watu.

Wenyeji haohao, jua likichomoza, walitemea mate viganjani na kuviinua kulielekea. Jung aliwauliza sababu; walisema ndivyo ilivyofanywa siku zote. Yeye akaelewa kwamba Mungu kwao alikuwa ile nukta ya kuchomoza, kabla jua halijawa la kawaida.

Je, wajua kwamba msafiri huyo aliyekuja kusikiliza ndoto za Waafrika aliota, katika safari nzima, ndoto moja tu yenye mtu mweusi, naye alikuwa kinyozi wake kutoka Chattanooga, Marekani? Jung aliifasiri kama onyo: Afrika ilikuwa inatishia kummeza. Hapo ndipo ninapoachana naye. Aliwaona wazee wa Elgon kama utoto wa binadamu, ilhali walikuwa wanajadiliana naye jambo moja kwa ujuzi uliokomaa. Mwaka 2018 kundi la wafuasi wa mafunzo yake lilitoa barua ya wazi katika jarida la Uingereza la tiba ya nafsi, likikiri madhara ya yale aliyoandika juu ya Waafrika. Ilichukua zaidi ya miaka 90 tangu safari ile.

Tuje nyumbani. Je, wajua kwamba kisasili kikubwa cha Rwanda kinaanza na ndoto ya mama? Ryangombe, mwindaji na mkuu wa pepo waitwao imandwa, alijiandaa kwenda kuwinda. Mama yake alikuwa ameota ndoto mbaya. Alimsihi abaki, na aliposhindwa akalaza mshipi wake mlangoni, mpaka ambao mwana mwenye adabu hauvuki. Ryangombe akauruka. Porini alikutana na mwanamke mwenye mtoto mgongoni, na mwanamke yule akageuka nyati akampiga pembe. Alifia chini ya umurinzi, mti wenye maua mekundu kama damu. Mwanawe Binego, mkali asiyezuilika, ndiye aliyemuua nyati kulipa kisasi.

Sijaona Jung akiandika juu ya Ryangombe, na ni hasara yake. Ndoto iliyopuuzwa, mpaka wa mama uliovukwa, mwanamke ambaye ndani yake mna mnyama: mambo aliyoyatafuta maisha yake yote yalikuwa yanasimuliwa jioni kwenye vilima vyetu, na kwa majirani wa Burundi, Bushi na Buha vilevile, kila mahali kwa namna yake.

Tena hayakuishia kwenye kusimuliwa. Katika kubandwa, ibada ya imandwa, mtu aliingizwa rasmi, akapokea pepo wake, akavaa vitu vyake na kusema kwa sauti yake. Aliyeingiwa na Binego alifoka kama Binego mbele ya jamaa zake, kisha akarudi kuwa yeye. Mhutu, Mtutsi na Mtwa waliingia ibada ileile, na ndani yake vyeo vya nje vilikaa kando. Walioingizwa waliahidiwa kuishi na Ryangombe juu ya Karisimbi, mlima wa mita 4,507. Wasioingizwa, moto wa volkano ya Nyiragongo. Mapadri waliofika Save mwaka 1900 waliipiga vita ibada hiyo kwa nguvu zote.

Na kutabiri kwa nyota je? Mpfumu, yaani mpiga ramli wa Rwanda, aliangalia zaidi matumbo ya kifaranga kuliko anga. Falaki, elimu ya nyota, ni mali ya Pwani, ambako mnajimu huhesabu thamani ya herufi za jina lako na la mama yako ili kupata buruji yako kati ya kumi na mbili. Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Mei 2011, aliifanya elimu hiyo ifahamike kote Tanzania. Na Jung? Mwaka 1911 alimwandikia Freud kwamba jioni zake zinaishia kwenye hesabu za nyota, na baadaye akalinganisha nyota za wanandoa 483 akitafuta dalili za ndoa. Dalili ya kudumu hakuipata. Mwenyewe alizaliwa 26 Julai, yaani chini ya buruji ya Asadi, Simba.

Turudi Rwanda, kwenye majeraha ya nafsi. Je, wajua kwamba chuo cha ufundi kilichojulikana kama IPRC Kigali, hapa Niboye, zamani kilikuwa shule ya ufundi ya ETO? Zaidi ya watu 2,000 walijificha humo Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wakilindwa na askari wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 askari waliondoka. Watu wakaswagwa hadi Nyanza ya Kicukiro, wakauawa.

Baada ya hapo lilienea neno ihahamuka, la mtu anayeshikwa na kumbukumbu hadi akapiga mayowe, akikimbia wauaji ambao wengine hawawaoni. Hutokea hasa Aprili, wakati wa Kwibuka, maombolezo ya kila mwaka ya mauaji hayo. Dkt. Naasson Munyandamutsa, daktari wa akili aliyefariki mwaka 2016, aliongoza utafiti ulioonyesha kwamba miaka 14 baada ya mauaji ya kimbari, asilimia 26.1 ya waliohojiwa walikuwa na maradhi ya kiwewe.

Tiba moja iliyoota mizizi ilianza Byumba mwaka 2005: Mvura Nkuvure, yaani niponye nikuponye. Watu kumi hadi kumi na watano wa mtaa mmoja, manusura pamoja na jamaa za waliofungwa, hukaa kwenye duara mara moja kwa wiki, kwa wiki 15, wakiongozwa na majirani waliofunzwa. Hawaanzi na 1994. Huanza na usalama, halafu kuaminiana, halafu kutunzana, halafu heshima, halafu taratibu mpya za kuishi. Kumbukumbu hungoja hadi awamu ya sita.